Kinyago cha "Mwanamke wa Kwanza" cha Mtwara: tumekipima, tumekigeuza, tumekisimamisha

Bidhaa: kinyago cha mpingo cha mwanamke aliyesimama, kinachouzwa kwenye vibanda vya vinyago Mtwara mjini kwa jina la "Mwanamke wa Kwanza". Hiki tunachokizungumzia kina kimo cha sentimita 38, kitako cha duara chenye upana wa sentimita 11, na uzito wa kilo 2 kasoro kidogo. Mdomo wa juu una ndonya (kipande cha mti cha kuvaliwa mdomoni), mashavuni kuna chale, nywele zimefungwa kishungi kikubwa kisogoni.

La mwisho tuliseme kwanza. Mti ni mpingo kweli, mkono wa fundi umetulia, msasa umepita hadi mahali jicho lisipofika, na bado kinyago hiki hakistahili jina kilichopewa. Anayetaka pambo la meza ya sebuleni hatajuta. Anayetaka hadithi ya Wamakonde ya mtu aliyechonga umbo likawa mke, atakuwa amenunua hadithi nyingine, ya Roma, iliyovalishwa ndonya.

Kosa linaanzia kwenye kadi iliyofungwa shingoni kwa uzi. Imeandikwa kwamba mwanamume mpweke alichonga mwanamke mzuri asiye na kasoro, akampenda mno, na mapenzi yakamtia uhai. Hadithi hiyo ipo, na ni ya kale, ila haikuzaliwa kusini. Ni ya mshairi Ovid, kitabu cha kumi cha Metamorphoses, kazi iliyokamilika karibu mwaka 8 baada ya Kristo. Pygmalion wa Kupro alichukizwa na wanawake aliowaona, akakaa bila mke, akajichongea wake kwa pembe ya ndovu, mzuri kuliko yeyote aliyezaliwa na mama. Akamvisha, akampelekea zawadi, mwishowe akamwomba mungu wa kike Venus. Alipomgusa tena, pembe ililainika kama nta iliyowekwa juani, inayofinyangwa kwa kidole gumba. Wakazaa mtoto, Paphos. Humo mchongaji ni mtu aliyekwisha kukamilika. Kilichopungua duniani ni mwanamke wa kumfaa.

Ya Wamakonde imegeuzwa nje ndani. Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, Ujerumani, alizunguka kusini mwaka 1906, akakaa Newala na Mahuta, na masimulizi aliyopewa huko yamo katika kitabu chake cha 1908. Zamani Mahuta, upande wa Tandahimba ya leo, palikuwa pori tupu. Porini akatoka mtu asiyeoga, asiyenyoa, anayekula na kunywa kidogo tu. Akachonga umbo la mtu kwa mti ulioota mahali pa wazi, akalibeba mpaka maskani yake, akalisimamisha wima. Usiku umbo likawa hai, nalo ni mwanamke. Wakateremka wawili hadi Ruvuma kuoga. Huko mama akajifungua mtoto mfu. Wakahama, wakavuka nyanda za juu hadi bonde la Mbwemkuru, na wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, porini Mahuta, na wa tatu akaishi. Wakapata wengine wengi, wakajiita Wamatanda. Mzee akaacha wosia: wafu wazikwe wima, kwa kumkumbuka mama aliyeamka akiwa amesimamishwa, na watu wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, nyumba iwe mwendo wa saa nzima kutoka majini, kwa sababu huko chini ndiko yaliko maradhi.

Hapo asiyekamilika ni fundi. Yeye ndiye mchafu, mwenye nywele za miaka, wa kula kwa kudonoa. Uzuri wa mwanamke hautajwi hata kwa neno moja. Hakuna mungu aliyeombwa, hakuna mapenzi yaliyochemka. Kilichofanyika ni kuchonga, kubeba na kusimamisha. Na baada ya kuamka, kazi haijaisha: watoto wawili wanakufa, na hadithi haimsuti mama kwa kuwa ni mti. Inalisuta bonde. Kiumbe hakurudishwa kwenye tezo. Kilichorekebishwa ni mahali pa kuishi. Sijui hadithi nyingine ya kiumbe aliyetengenezwa ambayo ina hekima ya namna hiyo, na ndiyo maana kadi ile inaudhi.

Sasa tukipime kinyago, na tuanze na kusimama, maana ndiko uhai wake ulikoanzia.

Jaribio ni rahisi, na muuzaji yeyote atakuruhusu. Weka kinyago juu ya kitu kilichonyooka kabisa, kioo au sakafu ya terazo, usitumie meza ya mbao ya kibandani ambayo yenyewe imepinda. Kiguse kichwani. Kikicheza, kitako hakikusagwa sawa. Kisha chukua kitabu chenye unene wa sentimita 2, kiingize chini ya ukingo mmoja wa kitako, ufanye hivyo pande nne. Kinyago cha kimo hiki chenye kitako cha sentimita 11 kinapaswa kubaki wima pande zote, maana ukingo unaweza kunyanyuliwa zaidi ya sentimita 3 kabla uzito haujavuka mstari, ikiwa uzito umekaa katikati. Hiki chetu kilisimama mbele, kushoto na kulia. Kilipoelekezwa nyuma, kilianguka.

Sababu yake inaonekana ukikitazama ubavuni. Fundi alitaka mrembo, akamsukumia makalio nyuma, akampa kishungi kikubwa cha nywele kisogoni. Vyote viwili viko upande mmoja wa mstari wa katikati, na mbele hakuna cha kuvilipa: tumbo bapa, kifua kidogo, mikono imebanwa mbavuni. Kwa maneno mengine, urembo ndio unaomwangusha. Ukisaga ukingo wa mbele wa kitako kwa milimita 2, ukiachia polepole kuelekea nyuma, umbo litainama mbele kidogo na tatizo litapungua. Ila mnunuzi asilazimike kumaliza kazi ya fundi kwa msasa wake.

Mtindo wa zamani ungemwokoa. Wacheza ngoma wa Kimakonde wana vazi la mbao la kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, tumbo mbele, chale zote zimechorwa, linalovaliwa kifuani na mwanamume. Fundi angemwazima mama yetu tumbo lile, kinyago kingesimama hata kwenye gari, na kingekuwa karibu zaidi na hadithi ambayo mzigo wake wote ni kujifungua.

Kuhusu mti, hapa muuzaji hakudanganya. Lakini kwa kuwa wapo wanaopaka mti mwepesi kiwi cha viatu na kuuita mpingo, njia za kujua ni hizi. Geuza kinyago, angalia chini ya kitako, kwa kuwa huko rangi hupakwa kwa uvivu. Kwaruza kwa ncha ya ufunguo mahali pasipoonekana: mpingo ukikwaruzwa unatoa unga wa zambarau iliyokolea au kahawia nyeusi, na chini yake bado ni mweusi, mti uliopakwa rangi unaonyesha weupe au wekundu papo hapo. Kitambaa cheupe kikavu ukisugua kwa nguvu kikatoka cheusi, ni kiwi. Usitumie spiriti kupima, kwa sababu mpingo wenyewe una rangi ya asili inayoyeyuka kwenye spiriti, utamsingizia mtu bure.

Njia ya uhakika ni ndoo. Mpingo wa ndani ni mzito kuliko maji: lita moja ya mti huo ina takriban kilo 1.2 au zaidi kidogo. Pima kinyago kwenye mizani ya duka. Jaza ndoo maji mpaka ukingoni, iweke ndani ya beseni, zamisha kinyago chote, kisha pima maji yaliyomwagika. Chetu kilimwaga lita 1.6, gawa kilo 1.95 kwa 1.6 unapata 1.2. Ukipata 0.7 au 0.8, ni mti mwingine. Kisikae majini zaidi ya dakika moja, kifute, kiache kivulini. Muuzaji akikataa ndoo, kiweke kiganjani tu: kinyago cha kimo hiki kinachobebeka kama kikombe kitupu si mpingo.

Hapo hapo tusahihishe neno moja la kibandani. Wauzaji husema Mwanamke wa Kwanza "alichongwa kwa mpingo". Masimulizi ya 1906 yanasema mti wa mahali pa wazi, basi, jina halikutajwa. Na mapiko, vinyago vya kufunika kichwa vya ngoma, huchongwa kwa mti mwepesi, maana mtu anacheza navyo. Mpingo umepata umaarufu kwa sababu ya soko la sanamu: unashika nakshi ndogo bila kumeguka, unang'aa bila rangi, na unadumu. Ni sababu nzuri za biashara, hazihitaji kusaidiwa na uongo.

Mpingo mzuri una sehemu mbili, mti mweusi wa ndani na mti mweupe wa nje chini ya gome. Chetu kina mstari mweupe wa milimita 4 kwenye ukingo wa kitako, na fundi ameuacha makusudi. Wengine huona ni kasoro. Ni alama ya ukweli, kwani mti wa kupakwa rangi hauna mpaka huo. Ubaya wake ni kwamba bungua hula weupe na kuacha weusi. Kikikaa rafuni wiki moja kisha ukaona unga mwembamba chini yake asubuhi, kuna mgeni ndani. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kiweke kwenye friza wiki mbili, kitoe, kiache kirudi joto la kawaida kikiwa bado kimefungwa ndipo ukifungue.

Nyufa ndizo zinazoleta malalamiko mengi, na nyingi si za uzembe, ni za tabia ya mti. Gogo linapokauka hujibana zaidi kwa kuzunguka kuliko kwa kuelekea katikati, kwa hiyo gogo zima lenye kiini chake ndani lazima lipasuke mahali fulani, kwa mstari kati ya kiini na nje. Fundi mjanja hukata gogo ili kiini kiangukie pembeni, au hukiweka mahali patakapochongwa na kuondolewa, kati ya miguu kwa mfano. Geuza kitako utafute kiduara kidogo chenye miale. Kikiwa katikati kabisa, tegemea ufa. Chetu kina kiini upande wa nyuma, sentimita 3 kutoka ukingoni, na ufa mmoja wa urefu wa sentimita 6 unaopanda nyuma ya kisigino. Umejazwa unga wa mpingo na gundi. Kazi ya kujaza ni safi, huioni mchana. Washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu, na mstari usiong'aa kama mwenzake utajitokeza. Muuzaji hakuutaja. Angeutaja, tusingempunguzia alama.

Mtwara hewa ni ya bahari, ina unyevu. Kinyago kilichotulia hapa kinaweza kupasuka Dodoma, au kwenye ofisi yenye kiyoyozi, kwa sababu unyevu uliobaki ndani unatoka kwa pupa. Swali la kumuuliza mchongaji ni moja: "Fundi, gogo hili limelala muda gani tangu likatwe?" Mpingo unakauka polepole mno, gogo la sentimita 12 likilala miaka miwili kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa nta, bado katikati lina maji. Jibu la "mwezi uliopita tu, mama, mti freshi" lisikufurahishe.

Kwa gogo lenyewe: sentimita 11 kwa 38 ni lita 3.6, yaani kilo 4.3 za mpingo. Kinyago kina kilo 1.95. Zaidi ya nusu ya mti umebaki chini ya mkeka kama vibanzi, nao ni mti uliochukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kukatwa. Bei ikikushtua, kumbuka vibanzi. Na ukitaka kujua mti ulikotoka, uliza. Kilwa, mkoani Lindi, vijiji vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa misitu yao ya asili yenye mpingo, kwa hiyo mpingo wa halali kusini upo, wala si ndoto. Kibanda chetu hakikuwa na karatasi yoyote ya chanzo cha mti. Hapo tumekata alama.

Kazi ya mkono sasa. Gogo likishavuliwa gome kwa shoka, umbo hutolewa kwa tezo, kisha patasi na rungu la mbao, kisha tupa, mwishoni msasa. Utaratibu wa fundi mzuri ni kuanza na sehemu nene na kuacha shingo iwe ya mwisho kupunguzwa, maana kila pigo la rungu kwenye mabega hutetemesha shingo. Mikono ndiyo mtego. Nyuzi za mti zinapanda kutoka kitakoni kwenda kichwani; mkono unaoshuka ubavuni unafuata nyuzi na unadumu, mkono ulionyooshwa mbele unazikata nyuzi na utavunjika siku mtoto wa nyumbani atakapoufanya mpini. Chetu kina mikono iliyoshuka, vidole vimelala pajani, na hapo fundi anastahili sifa kamili. Msasa umeanza na mkali wa namba 80 hivi na kumalizia na laini sana, kwa sababu hakuna mikwaruzo ya tupa hata makwapani. Umaliziaji ni nta, si vanishi. Ukikipasha joto kwa kiganja unasikia inalainika kidogo, na mtu aliyemsoma Ovid atatabasamu peke yake.

(Mkitembelea karakana, vaeni barakoa wakati wa tupa na msasa. Unga wa mpingo unawasha ngozi na kuleta chafya kwa watu wengi.)

Tatizo kubwa liko usoni na katika vipimo. Kichwa kina sentimita 5 kwenye kimo cha 38, yaani kimo kizima ni kama vichwa saba na nusu. Hicho ni kipimo cha vitabu vya kuchora vya Ulaya. Sanamu nyingi za kale za Kimakonde hukipa kichwa nafasi kubwa zaidi, nacho ndicho kinachobeba mtu. Pua ni nyembamba ya kwenye kalenda, macho ni ya mlozi, shingo ndefu, kiuno cha nyigu. Kila kipande peke yake ni kizuri. Vikiunganishwa, havizungumzi.

Kosa hilo lina historia ndefu kwenye hadithi za viumbe waliotengenezwa. Victor Frankenstein, katika riwaya ya Mary Shelley ya 1818, alichagua viungo kwa uzuri: nywele nyeusi za kung'aa, meno meupe kama lulu. Akakifanya kiumbe kirefu futi 8, karibu mita 2.4, kwa sababu ya kifundi kabisa, kwamba vipande vidogo vilikuwa vinamchelewesha. Kilipofumbua jicho, uzuri wa kila kipande ukazidisha ubaya wa jumla, na fundi akakimbia chumba usiku uleule. Wachongaji wa vibanda hawakimbii, lakini mbinu yao imekuwa hiyohiyo: pua kutoka picha hii, kiuno kutoka ile. Na msomaji wa Mahuta atakumbuka kwamba yule mtu asiyeoga hakukimbia. Aliteremka naye mtoni.

Jambo la pili linaloleta uso huu ni wingi. Kibandani vilipangwa vinane, vyote na uso mmoja, kishungi kimoja, tofauti ya kimo sentimita moja mbili. Mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, ulioupa ulimwengu neno roboti, uliochezwa Prague mwaka 1921, una kiwanda cha namna hiyo: watu wa kutengenezwa kwa rojo la kikemia linalochanganywa kwenye mapipa, wameondolewa kila kisichohitajika kazini ili wawe wa bei nafuu. Hawazai. Ukimtoa Mwanamke wa Kwanza tumbo, umri, uchovu na wale watoto wawili wa mabondeni, umebaki na kitu cha kupanga rafuni kwa dazeni, nacho kinauzika. Hatumlaumu fundi anayelisha nyumba yake. Tunasema tu kwamba kazi yake nzuri zaidi haiko kwenye rafu hiyo.

Iko wapi? Pembeni kidogo, chini ya turubai, palikuwa na gogo la mtindo wa shetani likiwa halijamalizwa, jicho moja, mguu umejikunja mpaka mgongoni. Mtindo huo unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Dar es Salaam, na duka la Mohamed Peera lililozinunua kazi zake. Shetani hafuati vipimo vya kitabu, hivyo mkono wa fundi unafunguka. Ukiweka vitu viwili hivyo kando kwa kando, shetani ana uhai na mrembo ana mng'ao.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kuacha cha rafuni na kuagiza. Mwambie fundi unataka wawili juu ya kitako kimoja: mwanamume mwenye nywele chafu zilizoachwa na alama za tezo, bila msasa, na mwanamke aliyesimama wima mbele yake, laini, tumbo la ujauzito. Tofauti ya msasa ndiyo itakayosimulia hadithi bila kadi. Kitako kiwe na upana usiopungua theluthi ya kimo. Umbo la mwanamke lifuate nyuzi za mti, kiini kiangukie kati yao, mahali patakapotobolewa. Kwa kimo cha sentimita 40 gogo la sentimita 16 linahitajika, hilo ni lita 8, karibu kilo 10 kabla ya kuchongwa, na si kila siku linapatikana likiwa zima, maana mpingo mnene mara nyingi umeoza katikati au umepinda. Tanguliza nusu ya malipo, iliyobaki ulipe baada ya jaribio la kitabu. Mkubaliane kabla kuhusu nyufa: ufa wa nywele unaruhusiwa, wa kuingia ukucha haukubaliki, uliojazwa utajwe.

Fundi aandike jina lake chini ya kitako kwa patasi. Chetu kilikuwa na jina, na limekwanguliwa. Yaonekana mchuuzi wa kati hakutaka mnunuzi amjue mchongaji. Katika masimulizi ya Kiyahudi ya golemu, umbo la udongo huishi kwa neno emet, ukweli, lililoandikwa kwenye paji la uso. Ukifuta herufi ya kwanza linabaki met, mfu. Kwenye kinyago hasara ni ya kawaida zaidi: kikipasuka huna wa kumrudia, na kesho ukitaka cha pili humjui wa kumpata.

Huduma ya kibandani ilikuwa ya heshima. "Karibu mama, shika tu, kushika hakulipiwi," ndivyo muuzaji anavyowaambia wateja, na kweli hakuharakisha mtu. Bei ni ya maelewano, na anayeshusha bei kwa nusu mara ya kwanza anakuonyesha kwamba ya kwanza haikuwa bei. Ufungaji ni gazeti moja na mfuko laini, haitoshi.

Kwa safari ya basi, kilaze chali, usikisimamishe. Shingo na vifundo vya miguu vizungushiwe kitambaa cha pamba kwanza, kisha kinyago chote kiviringishwe kwenye kipande cha gunia la korosho, kamba ipite kiunoni na kitakoni tu, isipite shingoni. Kikae miguuni pako, usikiweke buti la basi chini ya magunia ya watu. Anayekipeleka nje ya nchi ajue kwamba mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja zimesamehewa kibali cha mkataba huo. Lakini omba risiti inayotaja aina ya mti na uzito, kwa sababu ofisa wa forodha wa nchi ya mbali hajui mpingo kwa macho, na nchi nyingine zina masharti yao juu ya hayo.

Kikifika bara au kwenye nyumba yenye kiyoyozi, kiache ndani ya gunia lake wiki mbili, ufunue kidogo kidogo. Kisha kipake nta nyembamba kila baada ya miezi michache, usitumie mafuta ya nazi yanayochacha na kushika vumbi, na ukisimamishe mbali na dirisha lenye jua la mchana.